Kwa Mwanangu Aliyenizaa, Anayekwenda Kupasuliwa

Mwanangu Tabia,

Umekwenda kusukwa kwa Mama Shaibu, na najua nyinyi wawili mkianza kucheka hutarudi kabla jua halijafika mlimani. Muda ninao. Nimekaa uani kwenye mkeka, daftari liko magotini. Ninakuandikia kwa sababu leo mchana uliniuliza swali mbele ya watu, na mimi nikabeba sahani nikaenda kuziosha.

Mtu mwingine akiiokota barua hii atashangaa msichana wa kidato cha nne kumwita mama yake mwanangu. Wewe hutashangaa. Ulinipa jina la mama yako, Esha, aliyefariki kabla sijazaliwa, na tangu nijue kusema umeniita Mama. Kila asubuhi unanipa shikamoo kwa utani, nami naitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Halafu ndipo nakupa shikamoo ya kweli. Siku zote niliona ni mchezo wetu. Leo mchana haukuwa mchezo. Mjomba Hasani alikuwa amekaa pale, Mama mdogo Rehema alikuwa amekaa pale, ugali umefika nusu, na wewe ukanigeukia ukasema, "Mama, hapa wewe ndiye mama yangu. Wanitoe kizazi, au nirudi nacho nyumbani? Utakalosema ndilo nitakalofanya."

Hukucheka ulipolisema. Nilingoja ucheke.

Kesho asubuhi mnapanda basi la Mtwara, kwenda hospitali. Sitakuandikia habari za kanga, ndoo wala karatasi ya rufaa. Mama mdogo amevifunga na kuvifungua mara mbili leo. Nataka nikuambie kwanza makosa yangu. Anayeulizwa jambo kubwa kama hili inafaa ajulikane ni mtu wa namna gani kabla jibu lake halijasikilizwa.

Kwetu mwanamke aliye mwezini hatii chumvi kwenye mboga. Nilikuwa na miaka minane ulipoanza kuniita, "Mama, njoo utie chumvi," na mimi nikajiona mkubwa, nasimama juu ya kinu kilicholazwa ili nifikie sufuria. Hukuniambia sababu. Sharifa wa jirani ndiye aliyeniambia, naye aliambiwa na dada yake. Mwanzoni uliniita siku tatu, nne, kisha ikapita muda mrefu hujaniita. Nilipofika darasa la sita uliniita wiki nzima. Darasa la saba kuna mwezi niliacha hata kungoja kuitwa. Nikisikia kisamvu kinachemka nainuka mwenyewe. Kwa hiyo nilijua. Katika nyumba yetu, Baba akiwamo, ni mimi niliyejua kuwa damu yako haikatiki, na nilijua kwa mkono wangu mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetoka unyagoni, nimefundishwa kwamba mambo ya mwezini hayatoki mdomoni, na kwamba mtoto hamsemeshi mama yake mzazi mambo hayo, anapitia kwa kungwi. Nikakishika nilichofundishwa kama ninavyokishika kila kitu ninachofundishwa. Walimu wananisifu kwa hilo.

Halafu nikaenda Newala, kidato cha kwanza, bweni. Likizo ya kwanza niliporudi, mboga haikuwa na chumvi. Nikasema, "Mama, chumvi imekwisha?" Ukajibu, "Siku hizi sina hamu nayo." Mama Shaibu ndiye aliyenieleza baadaye. Nilipoondoka ulianza kumwita Sharifa, lakini ulimwita mara nyingi mno, mpaka mama yake akaanza kuuliza maswali, ukaona aibu ukaacha. Ulikula bila chumvi mwaka mzima, nami nilikaa nawe likizo ile yote, nikala mboga ile, nikarudi shule.

Kosa la pili unalijua, ila hujui lote.

Siku ya wazazi, kidato cha pili. Ulipanda kutoka Masasi na basi la alfajiri, na ulikuwa hujanywa hata funda la maji tangu jana yake ili uivumilie ile barabara ya kupanda juu Newala. Kulikuwa na ukungu, na baridi ile yetu ya asubuhi. Ulifika na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, na kabla hujanisalimia ukauliza, "Mama, choo kiko wapi?" Nikakuonyesha. Tukakaa kwenye benchi. Ukauliza tena. Ukaenda, ukarudi, ukakaa, ukainuka. Wasichana wa bweni langu walikuwa wamejipanga barazani, na mmoja akasema kwa sauti, "Esha, mama yako kaja kukutembelea wewe au kaja kutembelea choo?"

Wakacheka. Hicho ulikisikia. Usichokijua ni kwamba nami nilicheka. Ulikuwa umenipa mgongo, unatembea kwa ule mwendo wako wa kubana, na mimi nikacheka pamoja nao ili wasione kuwa ninaumia.

Baadaye ulipotaka kuinuka kwenye benchi ulijigusa nyuma, ukarudi ukakaa. Nilielewa. Ulikuwa umevaa kanga nyeusi mbili juu ya gauni na bado zilikuwa hazikutosha. Ulikaa pale mpaka wazazi wengine wote wakaondoka. Mimi nilisimama mbali, nikijifanya nasoma ubao wa matangazo. Nililisoma tangazo la zamu za kuteka maji mpaka nikalikariri. Tulipofika getini nikakuambia, "Mama, nauli ni kubwa, usihangaike kuja tena." Ukasema, "Sawa, Mama." Ukaondoka, na hukuja tena. Ming'oko uliituma kwa kondakta, ikanifikia kila mara ikiwa bado ina uvuguvugu wa injini, na niliila nikiwa nimejifunika shuka.

Sikukukataza kwa ajili ya nauli. Nisamehe kwa neno lile.

Sasa linakuja lile ambalo sijamwambia mtu, na nimeinua kalamu mara kadhaa nikaishusha. Likizo ya Desemba, mwaka jana, tulikuwa tunabangua korosho za kula wenyewe, vidole vyeusi, moshi machoni, na ukaniuliza pasipo kunitazama, "Mama, kwenye vitabu vyenu, damu nyingi hivi inaelezwaje?" Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu unaniuliza jambo la mwili wako. Nilifurahi mno kuulizwa hata sikuweza kusema sijui. Nilikuwa nimesoma kurasa chache za kitabu cha maktaba. Nikakuambia kama mwalimu, "Mwanamke akikaribia kukoma hedhi, damu huvurugika. Ni umri tu." Ukauliza, "Na mkojo huu?" Nikasema, "Punguza maji."

Ukashusha pumzi. "Alhamdulillahi," ukasema, "kumbe ni uzee. Mimi nilidhani naumwa."

Ulikuwa na miaka arobaini. Ukapunguza maji kwa sababu mtoto wako anayesoma amesema. Midomo ilikupasuka. Hukwenda tena popote kutafuta dawa.

Mwezi wa pili, shuleni, nikakichukua tena kile kitabu. Ukurasa uliofuata ulisema kwamba damu ikiwa nyingi kiasi hicho, yenye mabonge, mtu asikae nyumbani, aende hospitali akachunguzwe. Niliusoma mara tatu. Matroni angenipa simu nikupigie, huwa anatupa. Sikuiomba. Niliona aibu kwamba nilikosea, nikajiambia nitakueleza likizo ya Juni. Nilikuwa najua, na niliacha miezi minne ipite kwa ajili ya aibu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Ninakuandikia kwa sababu nimekaa nikiyapanga moja baada ya jingine, nimeona kwamba ugonjwa wako haukujificha. Ulionekana na kila mtu kipande kipande. Zahanati ulipeleka mkojo peke yake. Mganga alikuwa kijana wa kulingana na watoto wa Mjomba, ukaona huwezi kumtajia damu, ukamwambia tu unakwenda haja ndogo kila saa, akakupa dawa za U.T.I. Ukarudi mara ya pili na ya tatu, akakupa dawa zile zile, maana ndicho ulichomwambia. Damu ukaipeleka kwa kungwi wako, naye akakuchemshia mizizi, na kwake hukutaja mkojo, kwa kuwa uliona ni jambo jingine. Baba aliona kitanda tu, akahamia kwa mke wake wa Newala. Stendi waliona unavyokimbia, na ulipohamisha beseni lako la ming'oko ya kuuza karibu na choo cha kulipia wakapata la kusema. Ulinisimulia mwenyewe ukicheka, yule muuza mahindi alivyokuambia, "Mama Esha, mumeo kaoa mke wa pili, na wewe umeolewa na choo." Ulimjibu, "Heri choo, hakinidai chakula." Wote wakacheka, na wewe ukacheka zaidi yao. Nilijua unavyocheka ukiwa umeumia, maana nimeurithi mcheko huo.

Juni nilirudi nikiwa nimejiandaa kukueleza habari ya ukurasa ule. Sikuwahi. Siku ya pili tu ulianguka stendi na beseni lako kichwani, na mama wa choo cha kulipia ndiye aliyekubeba na kukupandisha kwenye bajaji. Nilikukuta hospitali umelazwa, viganja vyeupe. Daktari alisimama na faili lake.

"Tatizo nini, mama?"

"Kizunguzungu, daktari. Ni jua tu."

"Hedhi zikoje?"

"Za kawaida."

"Mkojo?"

"Wa kawaida."

Nilikuwa nimesimama kando ya mlango nimeshika viatu vyako. Unanijua, mimi darasani nikiulizwa jina langu sauti hukwama. Nikasema, "Si za kawaida." Daktari akageuka. Nikasema yote, nikitazama viatu: siku ngapi, mabonge, kanga mbili, choo kila mara, kuamka na kuamka tena, jinsi unavyochuchumaa na mkojo hautoki wote. Wewe uligeuza uso ukatazama ukuta.

Daktari akauliza, "Na wewe ni nani wake?"

Sijui kwa nini sikusema mtoto wake. Nikasema, "Mimi ni mama yake." Muuguzi akacheka mpaka akaweka trei chini. "Haya, mama mtu," akasema, "tuendelezee habari za binti yako."

Ndipo wakakupima, wakakuta damu imeshuka sana, wakakupeleka kwenye ultrasaundi. Daktari akatuchorea nyuma ya karatasi. Kizazi hiki. Uvimbe huu, na huu, mwingine mdogo kama korosho, na huu mkubwa kama embe umelala juu ya kibofu. Kibofu hakipati nafasi ya kujaa, ndiyo maana unakimbia. Na mlango wake unapobanwa, mkojo hautoki wote. "Kwa tunavyoona si saratani," akasema. "Lakini damu na mkojo wako, mama, ni ugonjwa mmoja."

Ukauliza polepole, "Mmoja?"

"Mmoja."

Ukalia. Mjomba alidhani unalia kwa hofu, akaanza kukutuliza. Mimi nilikuwa karibu nawe nikasikia ulivyosema chini chini: "Miaka yote hii nabeba viwili."

Baada ya hapo ulininunia siku mbili. Nilikuvua nguo mbele ya wanaume, na mimi ni mtu niliyepita unyagoni. Siku ya tatu ukaniita, ukanipa kitana nikuchane, na nilipokuwa nyuma yako, hatuonani nyuso, ukanieleza habari ya Bibi. Kwamba na yeye alitoka damu hivi. Kwamba mlikuwa mnaishi kijijini juu kule Newala, ambako maji ni ya kufuata bondeni, na wewe ulikuwa na miaka kumi na minne, ndiwe uliyefua vitambaa vyake. Watu wakauliza, nyumba ya watu watatu inamalizaje maji haraka hivi? Bibi akakuapisha usiseme. Ukasema una kichwa kigumu, unamwaga ndoo njiani. Ulichapwa kwa ndoo ambazo hukuzimwaga. Bibi alipokufa walisema ametupiwa uchawi na jirani wa shamba, mpaka leo koo hizo mbili hazizikani. Na wewe ulijua. Hakuna aliyekuuliza, na hukusema.

Nimelifikiria hili kuliko nilivyowahi kufikiria somo lolote. Sijui wafu wanasikia nini. Lakini ulinipa jina lake, na kama jina hilo lina kazi, basi kazi yake ya kwanza ni hii: Tabia, mwanangu, nisamehe kwa kukuapisha. Ulikuwa mtoto. Nilikubebesha siri ambayo mtu mzima haiwezi, na ukaishika vizuri mno, ukakua nayo, ukaugua nayo. Haikuwa kosa lako nilipokufa. Ulinifulia mpaka siku ya mwisho.

Nimelia hapo, karatasi imelowa kidogo, utaona.

Sasa habari ya Mjomba. Usimchukie kwa aliyoyasema leo, nami sitamchukia. Tulipoambiwa tutafute watu wa kutoa damu alikuwa wa kwanza. Alifumba macho akasoma kila sura anayoijua mpaka mfuko ukajaa, halafu akadai soda mbili. Mimi nilisimama nyuma yake kwenye foleni na kitambulisho cha shule. Muuguzi akanitazama akasema, "Hujatimiza umri, mdogo wangu. Njoo mwakani." Mwakani. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Anachosema Mjomba ni kweli kwa namna yake. "Tabia ana mtoto mmoja, naye wa kike. Akitolewa kizazi, Esha hatakuwa na kaka. Watoto wa Esha watakuwa hawana mjomba. Nani atakwenda kuwasemea wakiolewa? Nani atasimama wakifiwa? Mimi ni mzee." Kwetu mtoto asiye na mjomba ni kama nyumba isiyo na mlango, kila mtu anaingia anavyotaka. Nilimtazama alipokuwa akisema. Anakuogopea wewe, ananiogopea mimi, na hajui aogope kipi kwanza.

Na nimeona jambo jingine, usilolisema. Asubuhi ulipodhani nimelala uliitoa ile kofia ndogo ya mtoto sandukuni, uliyoinunua nilipokuwa darasa la tano, kabla mimba ile haijatoka. Uliivaa kwenye ngumi ukaitazama. Halafu ukaikunja ukaiweka kwenye mkoba wa kesho, chini ya kila kitu. Nilifumba macho. Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kukupa huyo mtoto ningekupa hata leo. Ningemwita mdogo wangu, ningembeba mgongoni mpaka shuleni. Umemngoja miaka mingi, na ninajua kwamba nikikujibu ninavyotaka kukujibu ni mimi nitakayekuambia usimngoje tena. Ndiyo maana nilibeba sahani.

Daktari amesema uvimbe ni mwingi, na kwa damu yako ilivyo hawataweza kukaa wakiuchokoa mmoja mmoja. Amesema pia operesheni ina hatari zake, hakutuficha. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba utarudi. Nimesoma vya kutosha sasa kujua nisiseme nisichokijua. Ninachojua ni kwamba ukirudi nacho utaendelea kupungua mbele ya macho yangu, nami nitaendelea kwenda shule, kushinda mitihani, na siku moja kondakta atanishushia habari badala ya kikapu.

Jibu langu ni wakitoe.

Watoto wangu, Mungu akinijalia, hawatakuwa na mjomba. Ni hasara, sitaifanya ndogo. Mahali ambapo mjomba anatakiwa kusimama aseme, itabidi nisimame mimi, na unajua ninavyoogopa kusimama. Nitajifunza. Nimeanza Juni nikiwa nimeshika viatu vyako. Na kofia, nenda nayo. Kuwa nayo huko, lia nayo unavyotaka, mtu asikuambie acha. Wakikuletea karatasi ya kukubali, andika jina lako lote, Tabia, kwa mwandiko wako ule wa taratibu, usimngoje Mjomba wala usinipigie kuniuliza tena.

Nilikuwa nimepanga kuichomeka barua hii pembeni mwa mkoba, uikute njiani, mimi nikiwa mbali. Nasikia sauti yako na ya Mama Shaibu inakuja kwa huku, na Mjomba bado yuko barazani anangoja chai. Nimebadili mawazo. Ukiingia nitakuomba ukae, nimwite na yeye akae, na nitaisoma yote kwa sauti. Pale penye damu nitasoma damu. Pale nilipocheka, wewe ukiwa umenipa mgongo, nitasoma kwamba nilicheka. Sauti itakwama, najua. Ikikwama usinisaidie, wala asinisaidie mtu, mningoje tu mpaka nifike mwisho.

Mama yako,
Esha